Mwaka Mama Aliporudi Kutoka Mwezini

Mwezi uliopita giza lilinikamata pale Adams Arcade, nje ya duka la dawa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi namsubiri mjukuu wangu, simu ikalia, nami nikainuka kwa mkupuo kama msichana, nikisahau kwamba nina vidonge vya presha tumboni. Mara maduka yakaanza kuingia weusi kutoka pembeni kuja katikati. Askari wa mlangoni, kijana mwenye adabu zake, akanidaka makwapani, na mwenzake akanishika kiuno. "Shosho, simama. Usilale hapa, watu wanaona." Nikawaambia, kwa sauti ambayo sikujua kama ningali nayo, "Niacheni nilale chini. Mkitaka kunisaidia, inueni miguu." Walidhani ni ukaidi wa uzee, lakini wakatii. Nikalala pale natazama juu, harufu ya sementi iliyotoka kupigwa deki imenijaa puani, na mama yangu akanijia mzima mzima, machozi yakanitoka mbele za watu. Kijana akaniuliza naumwa wapi. Siumwi popote, nikamwambia, namkumbuka mtu tu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia upande ule wa mji mnaikumbuka Kawangware ya wakati huo, mahindi yakiota katikati ya nyumba na njia ya miguu ikishuka hadi mtoni. Tulikaa chumba kimoja cha ukuta wa udongo na paa la mabati, baba, mama na mimi. Baba alikuwa fundi wa bomba. Kila asubuhi alipanda baiskeli na mfuko wake wa spana akaenda Kilimani au Karen, kwenye nyumba za watu wenye bafu zaidi ya moja, na jioni alirudi ananuka katani na rangi nyekundu wanayofungia maungio ya mabomba. Kilichotutofautisha na majirani ni sakafu. Wao walikuwa na udongo uliosiribwa. Sisi tulikuwa na sementi, baba aliimwaga mwenyewe kwa mabaki ya kazini, na mama aliringa nayo kuliko nguo zake. Aliisugua kila siku kwa sabuni ya kipande, na ole wako uingie na matope.

Msimu wa mvua ndefu, mama aliteleza kwenye kile kiteremko cha mtoni akiwa na debe la maji kichwani, akaanguka chali juu ya jiwe. Alipelekwa hospitali kubwa huko mjini. Wakasema mfupa wa mgongo umeingia ufa, na dawa yake ni moja, kulala. Kulala chali, bila mto, bila kuketi, bila kujigeuza mwenyewe, na mifuko ya mchanga kila ubavu ili asisahau. Alilala hivyo mvua zote, na mvua zilipokwisha akaendelea kulala na baridi yote.

Watoto hatukuruhusiwa wodini. Jumapili baada ya kanisa baba alinifunga koti mpaka shingoni, tukaenda, akaniacha kwenye nyasi chini ya madirisha na yeye akapanda ngazi. Mama alikuwa ghorofa ya juu kabisa. Kwa kuwa hakuweza kuinua kichwa, nesi mmoja mwenye roho nzuri alimsukumia kitanda mpaka dirishani, akampa kioo kidogo cha mkononi. Mama alikiinua juu ya uso wake, akakielekeza huku na huku mpaka akanipata. Mimi huku chini niliona mkono tu, na kioo. Nilipunga mikono yote miwili, nikaruka, nikamwonyesha pengo la jino lililong'oka. Nilikuwa na miaka saba au minane hivi, na nakwambia, kupungia kioo ukijua ndani yake kuna mama yako si jambo la kuchekwa.

Sasa, katika baridi hiyohiyo ndipo watu walipokanyaga mwezi. Redio yetu ilikuwa ya betri, na siku hiyo majirani walijaa chumbani mpaka baba akahofia sakafu yake. Mzee mmoja alisema huo ni uongo wa wazungu. Mwingine aliuliza huko watajisaidia wapi. Mimi nilitoka nje nikautazame huo mwezi wenyewe, nisiuone. Mnaijua Julai ya Nairobi na wingu lake, linaweza kukaa juu ya vichwa vya watu mpaka ukasahau rangi ya anga. Nikasema basi ni kweli, kuna jambo linatendeka kule ambalo hatutakiwi kuliona. Siku kadhaa baadaye baba alirudi na koki mpya zimefungwa kwa gazeti, na kwenye gazeti mlikuwa na picha. Watu wale walikuwa wamerudi, lakini walikuwa wamefungiwa chumba wasije wakaleta ugonjwa wa huko. Nyuso zao zilikuwa dirishani. Wake zao walisimama nje, wakiwatazama kwa kioo, wakitabasamu lile tabasamu la mtu anayejikaza asilie. Niliikodolea macho picha ile mpaka baba akainyang'anya awashie jiko. Chumba kilichofungwa, dirisha, watu wao wamesimama nje. Nani hangeelewa? Mama hakuwa na ufa wowote mgongoni. Mama alikuwa amekwenda nao.

Msinicheke. Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi ukazidi alipoletwa nyumbani kwa pikapu aliyoazima baba kwa mkandarasi wake. Mama alikuwa mwanamke wa Maragoli mwenye visigino vilivyopasuka, miguu iliyotembea kutoka Kawangware mpaka mjini na kurudi bila kulalamika. Nilipomvua viatu siku ile, nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Nilizipapasa. Mtu anayekanyaga ardhi hana nyayo kama zile. Tena hakuweza kusimama vizuri. Nesi alimwambia asiharakishe kuinuka, naye akadhani ni kwa ajili ya mgongo. Mgongo ulikuwa sawa kabisa. Kilichomsumbua ni kwamba kila alipoinuka aliyumba, akashika ukuta, akafumba macho kama mtu anayesikiliza kitu mbali.

Mwalimu wetu ndiye aliyenimalizia. Alichora ubaoni mtu aliyesimama, akachora moyo kifuani, na mishale. Akasema dunia inavuta kila kitu chini, jiwe, maji, hata damu yetu, na moyo ndio pampu inayoipandisha hadi kichwani. Huko walikokwenda wale watu, mtu anaelea. Damu haivutwi popote, inakaa mwilini sawasawa, moyo unastarehe, miguu inasahau kazi. "Sasa wakirudi," akasema, "wakisimama tu, damu inawakimbilia miguuni, kichwa kinabaki kikavu, na mwanamume mzima anapepesuka." Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Niliinama nikachora moyo kwenye dawati kwa kucha.

Nimeishi nikajua kwamba mwalimu alisema kweli, na hata mimi sikuwa nimepotea sana. Kitanda na mwezi, kwa moyo, ni jamaa wa karibu. Mlaze mtu chali miezi mitatu, na damu haina tena mlima wa kupanda. Mwili unaona maji yamezidi, unayapunguza. Mishipa ya miguuni, ambayo kazi yake ni kujikaza kila unaposimama ili kuirudisha damu juu, inalegea kwa kukosa kazi. Siku mtu huyo anapoinuliwa, dunia inaidai damu yote kwa mara moja.

Lakini hayo hatukuyajua, na likaja suala la shukrani. Kwetu, mtu aliyetoka hospitalini harudi kanisani kimyakimya na kujikalia nyuma. Anasimama mbele, peke yake, uso kwa watu, anaeleza Bwana alivyomtendea, kisha mzee wa kanisa anamwombea. Na wazee wetu walikuwa hawajui sala fupi. Jua lilikuwa limeanza kurudi, mabati yakapata moto, kanisa limejaa mpaka madirishani kwa sababu mama alipendwa. Aliongea vizuri. Aliwachekesha kuhusu uji wa hospitali. Kisha mzee akaanza kumwombea, akatoka kwa mama akaenda kwa manesi, akaenda kwa serikali, akaenda kwa wasafiri wa nchi kavu na majini. Mama amesimama tu. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Niliona rangi ikimtoka usoni mpaka akawa wa majivu. Magoti yakaanza kuachia.

Hapo wangemwacha aanguke, mambo yangeishia palepale. Lakini mbele ya mimbari yetu kuna sehemu ya sakafu ambapo hulala mtu wa aina moja tu, naye hulala ndani ya jeneza. Hakuna mama wa kanisa ambaye angemwacha mwenzake mzima alale pale. Wakina mama waliozoea kujitwika magunia ya mahindi walimrukia, wakamshikilia wima kwa upendo wao wote. "Simama, dada. Simama kwa jina la Yesu." Naye amening'inia mikononi mwao, kichwa kimelala begani, macho yakageuka meupe, mikono ikaanza kujirusha, miguu ikapiga mbao za mimbari. Mtu fulani huko nyuma akasema neno moja, nalo likapita benchi hadi benchi mpaka likanifikia. Kifafa.

Mtu akizimia, kuanguka ndiyo dawa yenyewe. Akilala, kichwa kinakuwa sawa na moyo, damu inafika bila kupanda, na baada ya kitambo anauliza mbona mnamtazama. Ukimshikilia wima unamnyima dawa hiyo. Ubongo unakosa damu, na mwili unarukaruka kwa namna ambayo hata daktari akisimuliwa tu anaweza kudanganyika. Wale wanawake hawakuwa wabaya, nawaambia kweli. Mmoja wao alilia njia nzima akitusindikiza nyumbani, huku amembeba mama begani.

Aliyeumia zaidi alikuwa Shangazi Jerida, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka nyumbani Maragoli kunilea wakati mama amelazwa. Nilimpenda, na bado nampenda alikolala. Alinisuka, alinipigia hadithi, aliniogesha kwa fujo. Lakini mtoto wake wa kwanza alikuwa na kifafa, na siku moja alipotumwa kuchochea moto alianguka mekoni, na hakukuwa na mtu karibu. Tangu Jumapili ile shangazi hakumruhusu mama kusogelea jiko. Alimkatalia hata kuchemsha maji. Alimtengea kikombe cha bati na sahani yake, kwa sababu watu wakati ule waliamini ule ugonjwa unaambukiza kwa mate. Alifanya yote hayo kwa upole, akimwita mulamwa, ndivyo kwetu wifi anavyoitwa. "Kaa tu, mulamwa. Mimi niko." Mama alikaa. Aliyekuwa akipiga deki akiimba sasa alikaa kitandani mikono mapajani, akitazama mwanamke mwingine akiisugua sakafu yake vibaya.

Asubuhi, baba akishaondoka na shangazi akishashuka mtoni, mama alidhani nimelala. Nilikuwa nachungulia kwenye blanketi. Alishuka kitandani akajilaza chali kwenye sementi, akaegemeza miguu ukutani, imeelekea juu. Alitulia hivyo kitambo. Kisha akakaa. Kisha akakaa kitandani miguu inaning'inia, akivikunja na kuvikunjua vidole. Kisha akasimama, kashika nguzo, midomo inacheza. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akiimba kimoyomoyo, akijipima ataweza kusimama ubeti wa ngapi kabla giza halijaja. Likija, alijilaza upesi, miguu ukutani, akaanza upya. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani kwamba anashinda amelala sakafuni, na tayari wanamwita wa kuanguka?

Mimi niliitazama ile miguu, nyayo laini zimeelekezwa darini, na zaidi ya dari mabati, na zaidi ya mabati mnajua kuna nini. Nikajua mama hapapendi tena hapa, anajaribu njia ya kurudi. Uchungu ulionishika sina jina lake mpaka leo. Nilichukua nati na koki za shaba kwenye mfuko wa baba nikazitia kwenye mifuko ya aproni ya mama, moja moja, ili awe mzito. Baba alizitafuta akitukana chinichini. Mama alizitoa mfukoni, akaziangalia, akaniangalia. "Kageha, hizi zinatafuta nini huku?" Nikasema sijui. Alizirudisha mfukoni. Alitembea nazo siku nzima zikigongana.

Kisha shangazi akapeleka ujumbe nyumbani, na babu akaja. Baba wa baba yangu alikuwa mtu mrefu wa koti refu na kofia, asiyesema jambo mara mbili. Ilikuwa Jumamosi. Mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa na watu wazima kabla hajaketi: mama ataondoka naye na shangazi kwa basi la jioni, atakaa Maragoli ambako hakosi mtu wa kumwangalia, na mimi nitabaki na baba kwa sababu ya shule. Kwa muda gani, hakuna aliyesema. Baba alikubali. Alikuwa amekonda. Nilisikia akimwambia jirani kwamba kila akifungua mlango jioni ananusa kwanza kama kuna harufu ya kuungua, ndipo anaingia.

Shangazi alizitoa nguo za mama kwenye misumari, akazikunja vizuri kuliko alivyokunja zake, akazipanga kwenye sanduku la mbao. Mama alihudumia chai. Hilo hawakumnyima, kwa kuwa mgeni ni mkwe wake na jiko lilikuwa nje. Alikwenda, akarudi, akasimama pembeni akisubiri vikombe, kwa sababu kwetu mke wa mtoto haketi ovyo mbele ya baba mkwe. Hawashikani mikono, hawakaribiani. Kumkuta mke wa mtoto amelala ni jambo la kumfanya mzee arudi alikotoka bila kunywa maji. Hata akiwa mgonjwa, hufungiwa pazia.

Babu akaweka kikombe chini, akaniita. "Na wewe Kageha, ndiwe umekaa na mama yako. Umeona nini?"

Nilimwangalia mtu yule mkubwa nikaona huyu ndiye anayeweza kumshikilia. "Babu, mwambie asirudi mwezini," nikasema. "Kila asubuhi analala hapo chini anainua miguu. Anataka kurudi."

Hakuna aliyecheka. Baba alinitazama kama mtu aliyeongeleshwa lugha asiyoijua. Shangazi aliweka mkono mdomoni. "Umesikia, baba? Kila asubuhi. Kila asubuhi anaanguka, na sisi hatujui."

"Sianguki," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Najilaza. Giza likija, nikijilaza mapema linapita. Siku ile kanisani nilitaka kulala, wakanishika, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenishika. Na hakuna aliyeniona nikirusha mikono."

Shangazi akageuka akamkabili, na nilidhani atakasirika, lakini alikuwa analia. "Hata wangu alisema hivyo, mulamwa. Alisema, mama, mimi nitajisikia ikija, nitakaa mbali na moto. Alisema hivyohivyo."

Babu alizungusha kofia mikononi. "Mimi si daktari," akasema mwishowe. "Siwezi kuacha mtu aungue ndani ya nyumba ya mtoto wangu eti kwa sababu maneno yake yamenipendeza. Tuombe, twende."

Tukasimama. Babu akaanza kuomba, na nimekwisha kuwaambia kuhusu wazee wetu na sala. Alianza na safari, akaenda kwa dereva, akaenda kwa mvua. Mama alikuwa amesimama tangu chai. Mimi sikufumba macho, kwa hiyo niliona. Jasho juu ya mdomo. Rangi ya majivu. Shangazi aliyekuwa kando yake akaona pia, akamkamata mkono kwa mikono yake miwili, akambana.

"Niache, mulamwa," mama akanong'ona.

"Hutaanguka nikiwa hapa."

"Niache nilale."

"Ulale wapi? Mzee yuko."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Sakafu ilikuwa pale, hatua moja, lakini baba mkwe alikuwa mbele yake, na mama yangu angekufa kwanza kabla ya kulala chali na kuinua miguu mbele yake. Aliinua macho akamwangalia babu. Naye babu alikuwa amefumbua macho, sijui tangu lini. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nadhani. Kisha yule mzee akavaa kofia katikati ya sala, jambo ambalo sijapata kumwona mwanamume yeyote akilifanya, akaishusha mpaka puani, akageuka akakabili ukuta. Hakuacha kuomba. "Bwana," akasema kwa sauti ileile, "waona nimegeuza macho yangu. Jerida, mwachie mke wa ndugu yako."

Shangazi hakumwachia. Baba ndiye aliyekuja akamtoa dadake vidole, taratibu, akimwambia kitu kwa Kimaragoli. Mama akashuka. Hakuanguka, nataka mjue hivyo. Alipiga goti, akaweka kiganja chini, akalala chali kwenye sementi, na baba akalisukuma lile sanduku akamwinulia miguu juu yake. Gauni likateleza. Shangazi, huku analia, akafungua leso yake mwenyewe kiunoni akamfunika mapaja mpaka vifundoni.

"Bwana," babu akauambia ukuta, "kama anarusha mikono, naomba niambiwe."

"Harushi," baba akasema.

"Na kama anatokwa povu, Bwana."

Shangazi alikuwa amepiga magoti, uso wake karibu kabisa na wa mama, akiutafuta ule ugonjwa anaoujua kuliko sisi sote. Alimfunua jicho. Alimshika taya. Alikaa hivyo, na babu alisubiri, na nje kulisikika watoto wakigombania mpira wa makaratasi. "Hapana, baba," akasema hatimaye. "Hakuna povu. Ananitazama." Kisha akasema tena, kama vile hakusikika mara ya kwanza, "Ananitazama mimi."

Nilikwenda nikajilaza kando ya mama nikamkamata gauni kwa mikono yote miwili. Sementi ilikuwa baridi. Rangi yake ilikuwa inarudi, kuanzia midomo. Aligeuza kichwa akaniona karibu hivyo, pua kwa pua, na nadhani ndipo alipoelewa zile koki. "Siendi popote," akaniambia. "Nafanya hivi ili nibaki." Kisha kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejibu hodi, akasema, "Niko, mzee."

"Amina," babu akasema. Hakugeuka. Alibaki amekabili ukuta wa udongo, kofia puani, mikono nyuma. "Jerida, huyo akimaliza na hilo sanduku, nguo zake zirudishwe kwenye misumari. Basi litatupeleka sisi wawili tu."

Mama alikaa kwanza. Kisha akakaa kitandani, miguu ikining'inia. Shangazi alifungua sanduku akaanza kutoa gauni moja baada ya jingine, akilikung'uta, akijipangusa uso kwa kila moja kabla ya kulitundika, na mama, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa ameambiwa chagua wala sema, alimtazama mpaka akafika kwenye gauni la buluu.

"Hilo usitundike, mulamwa," akamwambia. "Lipige pasi. Nitalivaa kesho kanisani."